Maji Niliyoyapasha Joto

Kazi yangu ya kwanza Sydney ilikuwa kupasua matumbo ya samaki. Nilikuja kusoma shahada ya uzamivu nikidhani nitapanda meli, nitaiona barafu, nitapigwa picha nimevaa koti jekundu niitume nyumbani Singida watu washangae. Badala yake nilipewa kiti kirefu, darubini, mkasi mdogo, na friza lililojaa samaki waliovuliwa na watu wengine katika bahari ya kusini, kule inakopakana na Antaktika. Meli ilikwisha kwenda na kurudi kabla mimi sijapata hata viza. Nilichotakiwa kujua ni kimoja tu: samaki wale walikuwa wamekula nini kabla ya kuvuliwa.

Si kazi mbaya ukiizoea. Unakata kutoka chini kuelekea kidevuni, unalitoa tumbo, unamimina kilichomo kwenye kisahani cha kioo, halafu unaanza kutambua. Vilivyo laini huwa vimeshayeyuka. Macho ya uduvi hubaki, meusi na madogo kama mbegu za bamia zilizokauka. Samaki mdogo aliyemezwa huacha vijiwe viwili vya masikioni, na mtu aliyezoea anaweza kuvitazama akakuambia alikuwa samaki wa aina gani. Na mara nyingi, kuliko nilivyotarajia, kulikuwa na ute mtupu. Profesa wangu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniambia ute ule ni mabaki ya salpa, kiumbe wa baharini asiye na mfupa wala ganda, ambaye ukimweka kiganjani unauona mkono wako kupitia mwili wake.

Yeye ndiye aliyenieleza habari yote kwa utaratibu, siku ambayo nilidhani nimeharibu vielelezo. Uduvi wa kule kusini wanaihitaji barafu, kwa sababu watoto wao hujificha chini yake wakati wa baridi na kula mwani unaoota hapo. Bahari ikipata joto na barafu ikipungua, uduvi nao hupungua, na salpa huzidi. Samaki halalamiki. Hula kilichopo. Lakini salpa karibu wote ni maji, na samaki anaweza kulijaza tumbo lake kutwa na bado akakonda.

Niliipenda habari ile kwa namna isiyo nzuri sana. Niliona imekaa vizuri, imetimia, nikaanza kuipanga kichwani kama sura ya kwanza ya tasnifu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mount Druitt, magharibi ya mji, kwa mama mmoja Mkongo aliyefika Australia na wanawe kutoka kambi ya wakimbizi, baada ya miaka mingi ya kusubiri. Mumewe alibaki kwenye udongo wa huko. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, upande wa Penrith, shifti za asubuhi na za jioni zikibadilishana bila mpangilio wowote nilioweza kuuelewa. Wanawe wawili, sasa watu wazima, walikwisha kuhama kwa ajili ya kazi, na wakija Jumapili wanazungumzishwa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Mama mwenyewe mimi nilimwita dada. Aliyekuwa nyumbani siku zote ni mama yake, bibi mzee mwembamba aliyeletwa baada yao. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa kumwita bibi, akacheka mpaka akashika ukuta. Kwao bibi ni mke wa mtu. Wao husema koko, nami nikasema koko.

Koko hakutoka nchi ya ziwa wala ya mto. Alizaliwa milimani, kwenye mihogo na maharage, na aliyaogopa maji mengi tangu utoto wake. Lakini nyumba ile ilikuwa kimya kutwa nzima, televisheni haielewi, na mimi ndiye niliyerudi jioni na habari. Habari yangu ilikuwa samaki, basi akaanza kuwapenda samaki.

Hapo ndipo meli nyingine ilipotuletea samaki walio hai.

Walikaa katika chumba cha baridi kwenye jengo letu, karibu na katikati ya mji, ndani ya matangi makubwa yenye mashine za kupoozea zilizovuma bila kupumzika. Maji yao yalikuwa chini ya sifuri, maji ambayo yangekuwa barafu kama si chumvi. Samaki wenyewe hawakuwa wazuri. Walikuwa wa kahawia, wenye madoa, kichwa kikubwa na mdomo mpana, na muda mwingi walilala chini kabisa wakiangalia juu. Katika damu yao mna kitu kinachozuia isigande, na kwa sababu hiyo wameishi kule tangu enzi ambazo hakuna wa kuzisimulia. Ila baridi imewazoea nao wameizoea mno. Hawajui joto lolote.

Nilipewa kazi ya kuwalisha. Nilivaa koti zito, glavu, kofia ya sufu, nikaingia na kisahani cha uduvi waliogandishwa na kibanio kirefu. Wiki za mwanzo walikimbia kivuli changu. Baadaye mmoja, aliyekuwa na mkia uliochanika kwa sababu ya wavu, alipanda taratibu, akasimama mbele ya kibanio, akanyakua. Baada ya huyo wakaja wengine. Ilifika mahali nikifungua mlango tu vichwa vinageuka. Kila mmoja nilijua anavyokula: yupo aliyemeza bila kutazama, yupo aliyetema kwanza halafu akarudia. Baada ya kila mlo nilivuta mabaki kwa mrija, nikayakausha, nikayapima kwa mizani isiyovumilia hata pumzi yako. Hakuna chembe iliyolala chini ya tangi bila mimi kujua ni ya nani.

Niliwapiga video kwa simu, nikamwonyesha koko. Tulikuwa tunakaa mezani, yeye na mimi, dada akiwa kazini au amelala baada ya kazi. Koko alisali kidogo juu ya chakula, mimi nikasema bismillahi yangu, kisha akaanza.

“Samaki zako zilikula leo?”

“Walikula, koko.”

“Na ile ya mkia?”

“Huyo ndiye wa kwanza.”

Aliridhika kama vile ni wa kwake. Halafu alinisogezea sahani. Dada alipika kabla hajaondoka, ugali wa muhogo na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, maharage, siku nyingine kuku, na hakuleta nguruwe katika nyumba ile tangu nilipohamia, ingawa sikumwomba. Koko alisema nimekonda. Alisema vitabu vinamla mtu. Alichukua nyama kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu, kisha nusu ya ugali. Nikimzuia alisema ameshakula mchana, tumbo la mzee ni dogo, mimi ndiye niliyeshinda kwenye baridi. Na mimi nilikuwa na njaa kwelikweli. Ukishinda ndani ya chumba kile mwili unadai chakula kama mlima. Nilikula vyangu na vyake, nikamshukuru, nikaosha vyombo.

Ilipokaribia Desemba profesa alituita. Jaribio lenyewe lilikuwa limefika, na sikuwa nimefichwa chochote. Nilijua tangu mwanzo kwamba samaki hawakuletwa kukaa. Matangi yangegawanywa mafungu mawili. Fungu moja lingeachwa na baridi yake. Jingine maji yake yangepashwa kidogokidogo, mpaka kufika kiwango ambacho bahari yao inaweza kukifikia, na kupita hapo kidogo. Katika kila fungu wengine wangepewa uduvi na wengine salpa. Tulitaka kuona wanakula kiasi gani, wanakonda kiasi gani, na ni wakati gani wanaacha kula. Kamati ya maadili ilikubali. Profesa aliuliza kama nina swali, nikasema sina.

Aliyezungusha kitufe cha kupandisha joto ni mimi. Siku ya kwanza haikuonekana tofauti yoyote. Siku zilizofuata samaki wa maji ya joto walikula zaidi, maana mwili ukipata joto hudai zaidi, na nilifurahi kama mtu aliyesamehewa mapema. Waliopewa salpa walijaza matumbo, wakaja tena, wakaja tena, na nilipowapima walikuwa wamepungua. Hicho ndicho tulichokuwa tumekitabiri. Profesa alinigusa bega.

Halafu tukapandisha joto tena daraja moja, na samaki wakaanza kukataa. Walikuwa bado wanakuja. Hilo ndilo lililonisumbua. Nikifungua mlango vichwa viligeuka vilevile. Yule wa mkia uliochanika alipanda, akasimama mbele ya kibanio, matamvua yakipiga haraka, akakitazama chakula. Akakichukua, akakitema. Nikamrudishia. Alibaki pale pale mbele ya mkono wangu, hakuchukua, wala hakuondoka. Nilitoka nikazunguka nyuma ya jengo, kwenye kichochoro ambako mashine za kupoozea hupumulia. Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya moto kama ya tanuri. Tulikuwa tunavuta joto kutoka kwenye matangi na kulimwaga mtaani mchana na usiku, ili tujue joto linawafanya nini samaki. Nilisimama pale nikiwa na kofia ya sufu kichwani katikati ya kiangazi, mpaka mfanyakazi wa usafi aliponiuliza kama niko sawa.

Jioni ile koko aliuliza kama kawaida. Nilisema walikula. Nikafungua simu, nikamwonyesha video ya zamani, ya siku za mwanzo. Akaitazama kwa furaha ileile. Kesho yake nikamwonyesha nyingine ya zamani. Nilijiambia kwamba mzee wa umri ule, aliyepitia aliyoyapitia, hana haja ya kusikia habari ya samaki asiyekula. Nilijiambia hivyo kwa siku nyingi.

Kiangazi kile Mount Druitt ilichemka. Wanaokaa karibu na bahari hupata upepo. Sisi huku magharibi joto hutuangukia na kukaa. Lami ililainika, majani ya uwanjani yakakauka kama njiti za kiberiti, na ndani ya nyumba yetu feni ilisukuma hewa ya moto kutoka ukuta huu kwenda ule. Koko alitandika khanga niliyompa kwenye vigae vya ukumbini akalala hapo mchana. Kila mtu alipoteza hamu ya chakula. Dada alirudi kutoka kazini akanywa maji tu na kulala. Wazee wa kule kazini kwake, alisema, walikuwa wakilishwa barafu za juisi.

“Joto hii inaondoa njaa,” koko alisema, na kunisogezea sahani yake.

Sikuona kitu. Nilitoka kwenye chumba ambamo nilikuwa napima makombo ya samaki kwa mizani inayohesabu vumbi, nikapanda treni, nikapita Blacktown nikiwa nimesimama na watu wenye jasho, nikaingia nyumbani, nikakaa mbele ya mtu ambaye hakutia tonge mdomoni, nikala chakula chake. Alikuwa akinywa chai. Chai nyingi, yenye maziwa na sukari. Kikombe kilikuwa mkononi siku zote, na kikombe kile kilinifanya nione kama tunakula pamoja.

Alianguka Jumamosi mchana, kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Mimi nilikuwa nyumbani, dada yuko kazini. Nilisikia beseni, kisha kimya. Nilipomnyanyua ndipo nilipojua. Nilijiandaa kwa uzito fulani na uzito ule haukuwepo. Chini ya gauni, mbavu zake niliweza kuzishika moja moja. Macho yalikuwa wazi, akanitaka radhi kwa maji aliyomwaga.

Gari la wagonjwa lilitufikisha hospitali. Nilimpigia dada simu, akasema anatafuta wa kumwachia wazee wake, anakuja. Daktari alikuwa kijana, mpole, na alitaka mkalimani. Wakaunganisha simu, na sauti ya mwanamume ikaanza kuzungumza Kiswahili safi cha pwani. Koko aliitazama simu kama kitu kilichookotwa, akanigeukia.

“Huyu ni nani? Weye si uko hapa?”

Kwa hiyo nikakalimani mimi. Daktari aliuliza anapata shida gani. Koko alisema hana shida. Daktari akauliza kuhusu kula, na koko akatazama mikono yake. Kisha akasema chakula kinakwama. Akaonyesha hapa, chini ya koo. Ugali ulianza kukwama kitambo, mbele ya Noeli, halafu nyama, halafu na wali. Kikikwama kinauma mpaka kwenye mgongo. Vya majimaji vinapita. Nilisema yote hayo kwa Kiingereza, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama ninasoma maelezo ya mtu mwingine. Daktari akauliza kwa nini hakumwambia mtu. Koko alisema mtoto wake anachoka sana.

Daktari akaniuliza mimi: nyumbani anakula na nani?

“Na mimi,” nilisema.

“Huwa anakula nini?”

Ningeweza kumwambia kila samaki wangu alichokula tangu walipofika nchini. Nikasema chai.

Wakati huo pazia lilisogea na dada akaingia, bado amevaa sare ya kazini, kitambulisho kikining’inia shingoni. Alienda moja kwa moja akamshika mama yake mguu. Daktari hakujua ni nani, au alijua na akaona ni vyema aendelee. Akauliza swali lililobaki: kama chakula kilikuwa kinapakuliwa kila siku, kilikuwa kinakwenda wapi?

Nililitafsiri kama lilivyo. Koko akanielekeza kwa kidevu, bila ubaya wowote, hata kwa fahari kidogo.

“Nilikuwa napatia huyu mtoto. Yeye njo alikuwa na njaa.”

Daktari alinitazama akingoja. Ningeweza kusema chochote kingine, yeye asingejua. Dada angejua. Nikasema kwa Kiingereza kwamba alikuwa ananipa mimi, na kwamba nilikuwa nakula. Dada hakuinua uso.

Walimlaza. Baada ya vipimo wakasema njia ya chakula imekuwa nyembamba kwa makovu ya kidonda cha zamani, na wataipanua kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni, pengine zaidi ya mara moja. Haikuwa kansa. Waliposema neno hilo dada aliketi kwa ghafla kwenye kiti ambacho hakukiangalia kama kipo.

Tulitoka pamoja kwenda kwenye maegesho. Jua lilikuwa bado kali. Alifungua gari lakini hakuingia, akaacha mlango wazi ili joto litoke.

“Kazi yako,” alisema, “si kuangaliaka nani amekula na nani hajakula?”

“Ndiyo, dada.”

“Sasa mama yangu haukumuona.”

Nilisema sikumwona. Nilisema anisamehe. Aliniangalia, na nilitaka aendelee, aseme maneno makubwa, anifukuze. Lakini uso wake ulibadilika ukaelekea kwingine.

“Na miye,” alisema, “ninalishaka wazee ya watu na kijiko. Asubuhi na jioni. Ninawafutisha mdomo. Wakiacha kula ninaandika, ninaita nesi. Miye.” Akajipiga kifuani kwa kiganja, mara moja. Kisha tukaingia kwenye gari, akaendesha mpaka nyumbani.

Jumatatu nilimwendea profesa nikamwomba tusipande daraja la mwisho. Nilimweleza habari ya koko, vibaya, bila mpangilio, na nikaona anajitahidi kuunganisha vitu viwili ambavyo havikuungana isipokuwa ndani yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hatutapanda, yale tuliyonayo yanatosha, na samaki wasiokula hawatakiwi kuachwa wateseke. Maana yake ilikuwa kwamba jaribio limekwisha, na jaribio likiisha samaki huuawa, kwa dawa ya usingizi kwenye maji, kisha hupasuliwa. Hawawezi kurudishwa walikotoka wala kutunzwa bila kibali. Alisema nisije, atafanya yeye.

Nilikwenda. Bado sijui kama nilikwenda kwa heshima au kwa kujiadhibu, na samaki hawakupata faida yoyote kati ya hayo mawili. Ila nilijua kitu ambacho profesa hakukijua. Kwa mtu mgeni wangekimbia, wangefukuzwa kwa wavu huku na huku mpaka wachoke. Kwangu mimi walipanda. Nilizamisha wavu nikaweka mkono juu yake kama ninavyoshika kibanio, na yule wa mkia uliochanika akaja wa kwanza, akaingia mwenyewe.

Nilimpasua mwenyewe. Tumbo lilikuwa tupu, limesinyaa, na mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa mpaka umekuwa kijani kizito, kwa sababu nyongo humwagwa pale chakula kinapokuja, na chakula hakikuja. Nilipima, nikaandika, nikamchukua anayefuata.

Matokeo yalikuwa mazuri. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Samaki waliopewa salpa kwenye maji ya joto walikonda upesi kuliko wote, wakiwa na matumbo yaliyojaa, na hakuna aliyekuwa amelionyesha jambo hilo kwa samaki wa aina ile kwa uwazi namna hiyo. Nilizungumza kwenye mkutano mjini, kwenye ukumbi wenye zulia nene. Nikaonyesha michoro. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja akaja kunipa mkono na kusema kazi kama hii itasaidia wanaopanga kiasi cha uduvi kinachoweza kuvuliwa. Natumaini hivyo. Niliomba Mungu iwe hivyo, nikiwa nimesimama kando ya meza ya chakula yenye vipande vya samaki mbichi vilivyopangwa kwa ustadi. Watu walikuwa wakila huku wanazungumza. Na mimi nilikula. Nilipogundua nimekula nilikuwa nimeshamaliza.

Nilimwambia koko ukweli wa samaki alipokuwa bado hospitali, kwenye kiti kando ya dirisha, akinywa supu iliyosagwa. Nilimwambia maji niliyapasha mimi, wakaacha kula, na zile video zilikuwa za zamani. Akauliza kama nilitumwa. Nikasema nilitumwa, lakini nilikubali. Alisema, “Basi pole,” akaendelea na supu yake. Nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka anihukumu au aniondolee mzigo, na yeye alikuwa mgonjwa anayehangaika na kijiko. Nilipoliona hilo nikaona aibu mpya juu ya ile ya zamani.

Alirudi nyumbani baada ya kupanuliwa mara ya pili. Dada hakuniambia nihame. Alinipakulia kama kawaida, aliniuliza kama nimefika salama. Lakini alibadilisha shifti zake ili jioni awe nyumbani, na mezani alikaa kati yetu, akimtazama mama yake kila tonge, na mimi nilijua kiti kile kimewekwa pale kwa sababu yangu. Nilivumilia mwezi mmoja na kitu. Kisha nikapata chumba St Marys, nikasema ni karibu na rafiki tunayesoma naye. Alijua si hivyo. Alinisaidia kubeba godoro.

Nimeendelea kwenda kule Jumapili mchana, wao wakisharudi kanisani. Koko ameongezeka mwili kidogo. Anakula polepole sana, vitu laini, wali uliopikwa ukalegea, ndizi za kuponda, na mlo mmoja unaweza kuchukua mchana wote. Chuoni wamenipa mwaka mwingine. Meli itarudi na samaki wapya, maswali yamebaki mengi, na nimekubali kuwapokea. Nilipokubali sikulala vizuri, lakini nilikubali.

Jumapili iliyopita simu ya dada iliita tukiwa bado mezani. Kazini walikosa mtu, walimtaka aende mara moja. Alisimama, akachukua funguo, akarudi, akaziweka, akazichukua tena. Wanawe walikwisha kuondoka. Koko alikuwa na bakuli mbele yake, hajafika hata nusu. Dada aliangalia bakuli, akaniangalia mimi.

“Utabakia naye?”

Nikasema nitabaki.

Hakutoa maagizo yoyote. Alifunga viatu vyake mlangoni, nikasikia gari likirudi nyuma, likageuka, likaenda. Nje mvua ilianza, nyembamba, ya baridi. Nilivuta kiti nikakaa upande wa koko, nikazima simu. Alichota chakula kidogo, akaweka mdomoni, akafumba macho akikitafuna, na mimi nikangoja kipite.